Nukta Zilizofutwa

Tunu anawasomea ninyi kitabu cha sheria za kazi tangu saa nane. Amekohoa mara tatu, nanyi mkatazama dari. Nimewaona! Mpaka niliposema "Asomewaye hasikii pumzi" ndipo mkageuka, mkataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haya, sikilizeni.

Methali hii ilianzia Iskandaria, zamani za Wayunani. Vitabu vilikuwa magombo, mafunjo marefu ya kuviringishwa, na maneno yaliandikwa yameshikana tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna nafasi wala nukta. Matajiri hawakujisomea. Walikula huku mtumwa akiwasomea.

Tajiri mmoja, Likomede, alikuwa na msomaji aitwaye Euporo, mtu mwenye kifua kibovu. Mezani pale alikula pia mwanasarufi fukara, Dexipo. Yeye ndiye aliyeona damu kwenye kitambaa cha Euporo.

Akamwendea. "Nisomee, ndugu yangu. Polepole."

Kila Euporo alipovuta pumzi, Dexipo alitia nukta: ya juu kwa pumziko refu, ya chini kwa fupi. Kwa siku arobaini wakamaliza gombo zima.

"Mwalimu," Euporo akasema, "leo nimesoma na kifua hakikuuma."

Karamu ikafika. Euporo akasoma, akipumzika penye nukta.

"Likomede, msomaji wako kasinzia?" mgeni mmoja akatania.

"Si yeye. Ni huyu Bwana Nukta, kanijazia gombo mavi ya nzi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Likomede akamtupia Dexipo sifongo iliyolowa maji. "Futa. La sivyo, kesho katafute meza nyingine."

Dexipo akamtazama Euporo. Euporo akamtazama yeye. Kisha mwalimu akainama, akafuta, nukta moja baada ya nyingine.

"Sasa soma, na usitue," Likomede akamwamuru Euporo.

Euporo akasoma. Katikati ya kusoma akaanguka juu ya gombo, hakuinuka tena. Na mnajua yule mgeni aliuliza nini?

"Halafu? Hadithi iliishaje?"

Dexipo, sifongo ingali mkononi, akajibu: "Asomewaye hasikii pumzi. Mimi niliisikia, nikaifuta."

Tangu siku hiyo alitia nukta katika kila gombo aliloshika, bila kuombwa, hadi macho yakampofuka. Lakini hilo halikumrudisha Euporo.

Msiniambie hayo ni ya Wayunani. Nilipokuwa katika kambi ya mkonge, mwenzetu mmoja, Mchungwa, alitusomea barua zetu zote, sisi watu mia mbili, hadi sauti ikamkatika. Tulimwambia nini? "Endelea." Nami nilikuwamo. Tulimzika kabla ya masika, na barua yangu ilikuwa haijasomwa hadi mwisho. Hilo ndilo lililoniuma, si kifo chake. Hilo!

Asomewaye hasikii pumzi. Leo mmeisikia. Wewe uliye karibu na mtungi, mpe Tunu maji. Na wewe unayeangalia miguu yako, inuka, pokea kitabu. Soma.