Ngazi Fupi, Taji Moja

Hapo zamani, Warumi walipokuwa Warumi kweli, kulikuwa na jeshi lililopanda ukuta wa mji kwa kusimamisha ngazi juu ya vichwa vya askari wake. Najua utasema naongopa. Haya, sema! Simama hapo hapo ulipo useme, "Wewe uliyeikimbia shule darasa la sita, Warumi umewajulia wapi?" Nimewajulia nilikowajulia. Aliyemaliza shule na ajibu swali nitakalomtupia mwisho, tuone vyeti vyake vitamfaa nini.

Basi, jeshi la Warumi halikuwa kundi la watu wenye mapanga wanaokimbia ovyo kama kuku waliofunguliwa banda. Lilipangwa. Kila askari wanane walikuwa na hema moja, nyumbu mmoja wa kulibeba, na jiwe moja la kusagia ngano. Walilala pamoja, wakasaga pamoja, wakala pamoja. Mahema kumi yalikuwa chini ya akida mmoja, na akida alitembea na fimbo ya mzabibu, wala hakuwa kiwete. Na kila jioni, hata kama wametembea kutwa nzima na mizigo mgongoni, ilikuwa lazima wachimbe handaki kuizunguka kambi na kusimika vigingi, ndipo wale. Asubuhi wanaliacha shimo lao, jioni wanachimba lingine. Wewe ungeweza? Nyamaza, hungeweza.

Katika hema moja alikuwemo Pansa. Huyu ndiye mtu wangu. Alikuwa jitu la mtu, miguu imetandazika kama ya bata, na wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Pansa," walimwambia, "usitangulie kuvuka mto, utatumalizia maji kwa hizo nyayo!" Naye alicheka tu. Hema hilo hilo alikuwemo Dento, mwembamba kama ufito, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikuwemo na Kalvo, mwenye upara, aliyekuwa seremala kabla ya kuwa askari, mtu wa kuhesabu kila anachokiona. Wale watano wengine walikuwa askari kama askari, tuwaache.

Jeshi lile lilikuwa limeuzingira mji juu ya kilima kwa siku arobaini. Siku ya arobaini na moja jemadari akatoa taji la dhahabu, limechongwa kingo zake kama ukuta wa ngome, akaliinua juu kila jicho lilione.

"Taji hili ni moja," akasema. "Ni la yule ambaye kwa kazi yake ukuta ule utakanyagwa kwanza. Mwenye taji hili hachimbi handaki tena mpaka anakufa. Hagusi vigingi. Na akida atakayemwinulia fimbo atanijibu mimi."

Hachimbi handaki tena! Usiku huo hakuna aliyelala.

Ngazi zikatakiwa. Urefu wa ukuta hupimwa vipi, na juu wamekaa watu wenye mishale? Unahesabu safu za mawe kwa mbali, basi. Akida wao, jina lake Tubero, akaingia ndani ya handaki la mbele, akachungulia, akahesabu. Akatoka. "Safu thelathini. Tengenezeni ngazi."

Kalvo akakohoa. "Akida, safu ni thelathini na sita."

"Nimehesabu thelathini."

"Umehesabu ukiwa ndani ya handaki, bwana. Ukingo umekufichia sita za chini. Mimi nimehesabu kutoka kule kilimani, mara tatu."

Ile fimbo ikashuka mgongoni. "Sasa ni ngapi?"

"Thelathini na sita, akida."

Ikashuka tena, na tena, mpaka shati la Kalvo likalowa. "Sasa?"

Kalvo akatazama chini. "Kama akida anavyosema."

Nakwambia mimi damu inanichemka hata leo! Mtu anakwambia ukweli, unampiga, kisha unaona umeshinda. Mawe ya ukuta nayo yanaogopa fimbo? Yatapungua sita kwa sababu akida kakasirika?

Basi siku ya vita tarumbeta ikalia, ngazi zikapelekwa mbio, zikaegemezwa. Fupi! Zilipungua kimo cha mtu mzima. Askari wakafika kipago cha juu kabisa wakabaki wanaukwaruza ukuta kwa kucha kama mijusi, na watu wa mji wanawamwagia mchanga wa moto huku wanawacheka. Wakaporomoka mmoja baada ya mwingine.

Ndipo Kalvo, na mgongo wake uliochanika, akapaza sauti: "Kobe! Fanyeni kobe!"

Kobe ni hivi. Askari wanabanana safu kwa safu. Wa mbele wanakinga ngao mbele, wa nyuma wanazilaza juu ya vichwa, ukingo juu ya ukingo, mpaka linakuwa paa. Ngao yako inamfunika mwenzako, nawe unafunikwa na ya mwenzako. Ukiwa chini ya kobe, maisha yako yameshikwa na mkono wa mtu mwingine.

"Sasa ngazi iwekeni juu ya mgongo wa kobe!" Kalvo akapiga kelele. "Kimo cha mtu kilichopungua, tutakipata kwa mtu!"

"Na atakayeibeba ni nani?" akauliza Dento.

Wote wakazitazama nyayo za Pansa.

"Bata," akasema Dento, "leo ndiyo siku yako."

Pansa akazipanda nyayo zake ardhini. Akaivuta ngao yake sawasawa juu ya kichwa, akaishika kwa mikono miwili, na miguu yote ya ngazi ikakaa juu yake. Hakuona kitu ila mbao za ngao na jasho lake mwenyewe. Alimsikia Dento akipanda: kipago kimoja, uzito ukamshuka shingoni, kipago cha pili, magotini, cha tatu, mpaka kwenye visigino. Jiwe likatua juu ya ngao. Mkono wa kushoto ukalia *kaa!* kama kuni kavu. Hakuachia. Likatua la pili. Hakuachia. Kisha ule uzito ukatoweka kwa ghafla, na juu kabisa akaisikia sauti ya Dento ikipasua mbingu: "Nimesimamaaa!"

Mji ukatekwa kabla ya jua kuzama.

Kesho yake jemadari akaketi barazani, taji magotini. Hema lile likaitwa. Wakaja watu saba, wakasimama mstari. "Asemaye ni lake na ajitokeze," akasema jemadari, "kisha aape mbele ya tai wa jeshi, sanamu hii iliyo bendera yetu, kwamba alifanya kazi yake bila kubebwa na mtu."

Nani alikuwa wa kwanza kujitokeza? Tubero! Wallahi, Tubero, na fimbo yake kwapani! "Bwana jemadari, hawa ni watu wangu. Kama si mimi kutengeneza ngazi, wangepanda nini? Taji ni langu." Akaapa.

Akaja Dento. "Bwana, taji ni la kukanyaga ukuta. Mguu uliokanyaga ni huu hapa, uutazame. Wao walikuwa chini ya paa. Mimi nilikuwa juu, peke yangu, na mapanga matano yananingoja. Taji ni langu." Akaapa.

Akaja Kalvo. Hakusema mengi. Alivua shati, akageuka, mgongo ukaonekana. "Nilihesabu thelathini na sita. Nikapigwa kwa kuhesabu sawa. Na ngazi zilipowashinda wote, aliyejua pa kuzisimamisha ni mimi. Taji ni langu." Akaapa.

Akaja Pansa, mkono umefungwa vijiti. Mganga wa kambi alikwishamwambia: mkono huo hautashika ngao tena. Na asiyeshika ngao, Warumi walimrudisha kwao mikono mitupu, kama nyumbu aliyevunjika mguu. Bila taji, Pansa hakuwa na kitu.

"Bwana jemadari," akasema, "mimi ukuta sikuuona. Niliusikia. Lakini kila aliyeupanda alipita juu ya mkono huu."

"Apa," akasema jemadari.

Pansa akafungua mdomo. Akaufunga. Watu wakadhani ni maumivu.

Haya wasomi, semeni! Aliyeamuru, aliyekanyaga, aliyehesabu, aliyebeba. Taji ni moja.

Naona mmeshaanza kugombana. Ngojeni kwanza. Kuna kipande nimekiruka, na nimekiruka makusudi, kwa sababu nampenda Pansa na nilitaka mseme Pansa.

Niliwaambia hema lina watu wanane. Barazani nikasema walikuja saba. Na nyinyi mnaojua hesabu hamkuuliza!

Wa nane aliitwa Ofela. Alikuwa nyuma ya Pansa, bega lake limeuegemeza mgongo wa Pansa asisukumwe, na ngao ya Pansa ndiyo iliyomfunika. Pansa alipoivuta ngao yake ili ibebe ngazi, paa likafunguka. Ofela akaiona mbingu.

"Ofela, uko wazi!" Pansa akamwambia. "Rudi nyuma hatua moja!"

"Nikirudi utaanguka, bata wewe. Shika ngazi."

Mawe yaliyoshuka hayakuwa mawili. Yalikuwa matatu, na la kwanza halikutua juu ya ngao, lilimtua Ofela kichwani. Lakini bega lile halikuondoka mgongoni mwa Pansa. Wale waliobanana nyuma walimshikilia Ofela wima, hata alipokuwa hayupo tena, na Pansa akasimama kwa kumwegemea yeye mpaka Dento akafika juu.

Sasa semeni tena, na mara hii msiharakishe. Nani alistahili?