Ufunguo wa Gari la Marehemu Shekue

Sogeeni. Nanyi mliokaa mlangoni ingieni, maana hii nikianza sirudii, na tangu niliposimuliwa na shoga yangu wa Pangani, mimi mwenyewe sijatulia.

Palikuwa na ndugu watatu, Tanga, upande wa mashamba ya mkonge, watoto wa Bi Riziki. Mkubwa, Mwantumu, alijaliwa sikio: gari likipita barabarani anakwambia lina kasoro gani, naye hajainuka jikoni. Wa kati, Hemedi, alijaliwa mkono: chuma akikishika kinatii. Kitinda mimba, Semeni, binti mwembamba hivi, alijaliwa moyo: akikamata usukani haogopi, wala hana pupa.

Baba yao, marehemu Shekue, aliacha gari moja dogo jekundu. Lakini lilikuwa na ugonjwa. Likikata kona linalala ubavu kama mtu anayetafuta mto. Siku moja lilimmwagia shangazi yao sufuria nzima ya pilau mapajani! Ami yao Kombo akasema, "Shemeji, hili litawaua watoto. Nalipeleka kwa wakata vyuma."

Ilikuwa arobaini ya marehemu, watu wamejaa uani. Bi Riziki akasimama akaweka nadhiri mbele ya wote: "Idd Pili vijana wakipanga matairi uwanjani washindane kukata kona, gari hili nalo litakuwemo. Likilala, lichukue, shemeji. Lisipolala, ufunguo nampa mwanangu aliyeliponya. Mmoja tu. Gari la baba yao haligawanywi."

Basi nyumba ile ikakosa raha. Watatu wote walilitaka, si kwa kuringia. Kila mmoja alikuwa amefundishwa na baba yake ndani ya gari lile.

Mwantumu akawaambia wadogo zake, "Hebu litikiseni." Wakalitikisa. Akafumba macho, akasikiliza. "Ni kile chuma cha mbele, kinachopita chini kutoka gurudumu hadi gurudumu. Stebilaiza. Kazi yake kuzuia gari lisiiname, na hiki chembamba, kinajipinda kama waya. Acheni kuhangaika na matairi."

Hemedi akazunguka kwa wauza vyuma mpaka akapata kinene, cha gari zito zaidi. Hakikukaa. Akakipasha moto, akakipinda, akatengeneza vishikio vipya na mipira mipya. Akalipandisha gari juu ya mawe, magurudumu yananing'inia, akakaza kila nati kwa nguvu zake zote. Likishushwa, lo! Limekaa upande, na linalia kwii, kwii.

"Umekaza miguu ikiwa hewani!" Mwantumu akapiga kelele kutoka jikoni. "Legeza! Lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze!"

"Dada, wewe kaanga vitumbua."

Lakini akalipandisha tena, akalegeza, akalishusha, akakaza upya. Kimya. Gari limenyooka.

Semeni akalitoa barabarani. Kona ya kwanza halikulala, ila pua nayo ikagoma kugeuka. Likanyoosha moja kwa moja, nusura liingie kwenye banda la muuza mkaa.

"Umeniharibia kazi!" Hemedi akafoka.

"Kaka, hujaharibiwa kitu. Limekakamaa mbele. Ukiliingiza kona kwa kasi linakwenda tu. Linataka lipunguzwe kabla, halafu liongozwe taratibu." Akaenda nalo sokoni, akarudi, akaenda tena, huku Bi Riziki akichungulia kila lori likipita, mpaka binti na gari wakaelewana.

Idd Pili uwanja ukafurika. Bi Riziki anakaa, anasimama, kanga imevaliwa kinyume na hana habari. Vumbi likatimka. Gari jekundu, Semeni usukanini, likapita tairi hili, likazunguka lile, limesimama wima kama limepigiliwa! Magari makubwa yakabaki nyuma. Ami Kombo mwenyewe akarusha kofia.

Hata vumbi halijatua, wakaanza.

"Nisingesikia ugonjwa, na nisingesikia kosa lako, mngeshinda wapi?" akasema Mwantumu.

"Na ungesikia mpaka kesho, dada. Sikio linakunja chuma?" akasema Hemedi.

"Chuma chako kilikuwa kinakwenda kwa muuza mkaa," akasema Semeni. "Nani alikirudisha?"

Bi Riziki akasema, "Nitakaa nao mimi ufunguo, wanangu, mtakuwa mnaazimana."

Ami Kombo akatikisa kichwa. "Hapana, shemeji. Uliweka nadhiri mbele ya watu waliokuja kumwombea mumeo. Mmoja. Na leo."

Mama wa watu akasimama katikati ya uwanja, ufunguo mkononi, mikono mitatu imenyooshwa, yote ameizaa yeye. Akimpa mmoja, wawili watakwenda nyumbani na nini?

Mnanitazama mimi? Mimi nilishindwa. Sikio, mkono, au moyo: ungekuwa wewe ndiye Bi Riziki, ufunguo ungeuweka kiganjani mwa nani?