Patasi Iliyonenepa

Paukwa!
(Pakawa!)
Shaba iwake!
(Mwizi aungue!)

Hapo zamani za kale, nchi ya Misri, kando ya mto Naili, alikuwepo mchonga mawe akiitwa Senebi, mdomo haumtulii. Patasi yake ya shaba haikuwa yake. Ya mfalme! Kila patasi ilikuwa na jiwe lake la mizani, uzito sawasawa. Asubuhi unapewa patasi, jioni inapimwa na jiwe lake. Ikipungua, wewe mwizi. Mawe hayo aliyatunza msimamizi Amenu, tumbo mbele, na mkono mwingine ulikatazwa kuyagusa.

Amenu alikuwa mwizi, tena wa mchana kweupe. Kila alfajiri huikwangua patasi ya Senebi, kidogo kidogo. Mkewe leo bangili, kesho bangili. Wewe unayecheka hapo, ndiyo, zilitoka huko huko!

Jioni ya kwanza, patasi pungufu.

"Senebi, unakula shaba?"

"Bwana mkubwa, hata kitunguu chanishinda kutafuna!"

Viboko. Jioni ya pili, pungufu. Viboko. Jioni ya tatu, pungufu.

"Ikipungua tena, utakwenda machimboni jangwani!"

Huko watu huenda, hawarudi. Senebi aliogopa jamani. Lakini ulimi haukunyamaza.

"Bwana mkubwa, jiwe hili limejaa mafuta ya bata. Mkaguzi wa mfalme akiliona je? Nikusugulie?"

Amenu, mvivu wa wavivu, akasema, "Sugua upesi!"

Lo! Mchonga mawe umpe jiwe? Si bora umpe fisi bucha! Akashika mchanga, akasugua, akasugua, akasugua.

Kesho yake jioni, mizani ikalalia upande wa patasi.

"Imezidi!" Amenu akaruka. "Ziada ni yangu!"

Tamaa mbele, mauti nyuma. Akaikata shaba mbele ya mafundi wote, akaifutika kibindoni.

Mara mkaguzi huyo, na mawe yake mwenyewe kutoka kwa mfalme. Akapima patasi. Pungufu.

"Nani kaiba?"

"Senebi!" akasema Amenu.

Mafundi wakapiga kelele, "Mwongo! Umeikata wewe!"

"Ilikuwa imezidi!"

"Imezidi?" mkaguzi akauliza. "Shaba ililala na njaa, ikaamka imeshiba?"

"Basi jiwe ndilo lililopungua! Senebi alilisugua!"

"Na jiwe la mfalme alipewa na nani?"

Mkaguzi akamvuta Amenu kibindo, shaba ikaanguka chini, ngli!

Akafungwa kamba, safari ya jangwani. Senebi akamsindikiza mpaka njiani, mgongo ungali unamuuma.

"Usilie, bwana mkubwa. Huko shaba ni tele, ni wewe tu na mikono yako."

Ngano imepoa hapo. Ikiwa tamu, chukueni. Ikiwa chungu, nirudishieni mate yangu.