Mbwa Kaniki Ashtakiwa kwa Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mbwa na meno yake, mtu na maneno yake!

Hapo kale palikuwa na msusi wa mikeka, Bi Mashavu, kipofu wa macho yote mawili. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na Kaniki, mbwa mweusi, basi.

Siku moja jirani yake, Msuo, akaenda mbio kwa Jumbe, kashika tako. "Nimeumwa! Mbwa yule hatari, auawe leo leo!"

Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja kwanza. Hapo pana roho inataka kutolewa.

Jumbe akaja na watu uani kwa Bi Mashavu. Wote wakakaa, Msuo akasimama. Kukaa angewezaje?

"Nilipiga hodi mara tatu," akasema, "nikaitikiwa kwa meno!"

Bi Mashavu akalia. Nawaambieni kweli, inatia uchungu mtu mzima akilia. Kisha akajifuta. "Jumbe wangu, kabla hamjamuua, Msuo atoke, aingie tena kama siku ile."

Msuo akatoka. "Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu, baba."

Akaingia. Kaniki akatikisa mkia.

"Siku ile sauti ilikuwa ndogo," Msuo akasema. Akatoka tena, akanong'ona, "Hodi, hodi, hodi."

"Karibu, baba."

Akaingia. Kaniki akapiga mwayo.

"Sasa toka, uingie kimya," akasema Bi Mashavu. "Hodi usipige."

Msuo akatoka. Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja, jamani!

"Msuo, ingia!" Jumbe akaita.

"Siingii!"

"Kwa nini?"

"Ataniuma tena!"

Watu wote wakageukia mlango. Hata Msuo alikisikia alichokisema.

"Mie sioni, Jumbe," akasema Bi Mashavu taratibu. "Hodi ndiyo sura ya mtu kwangu. Mikeka yangu mitatu imepotea mwaka huu. Nikadhani ni uzee, nasahau nilipoiweka."

Jumbe akainuka. "Kaniki hana kesi. Msuo, kailete mikeka."

Sauti ikatoka nyuma ya ua, nyonge kabisa: "Niipitishe wapi, Jumbe?"

"Mlangoni. Na upige hodi."

Ngano yangu imefika, naitua chini. Ikiwa tamu, tuimege sote. Ikiwa chungu, niachieni, nitaitafuna peke yangu.