Kwa Nini Fisi Aliendelea Kuleta Majani

Niitoe nisiitoe?

Itoe!

Ya kweli au ya uongo?

Yoyote, mradi tamu!

Haya, sogeeni. Na wewe Kabula, leo usinikatize. Wanasema ukisimulia ngano mchana unaota pembe. Mimi nimesimulia miaka sitini, njooni mnipapase kichwa.

Basi, hapo kale Pimbi alikuwa anakaa kwenye pango dogo majabalini, yeye na mkewe. Mkewe alikuwa mzazi, ana siku tatu tu tangu ajifungue. Vitoto vinne, vidogo, vinalia pii, pii, pii. Pimbi akatoka kumchumia mkewe majani. Anarudi, yuko mlangoni kabisa, mara papu! Fisi kamkanyaga mgongoni.

"Nimekupata," akasema Fisi. "Nakula wewe kwanza, halafu mkeo, halafu wale wanne nashushia."

Jamani, mnamjua Fisi. Huyo ukimwalika harusini anakula mpaka jamvi. Pimbi moyo unampiga di! di! di! Nguvu hana, pa kukimbilia hana, kabaki na mdomo tu.

"Sawa, bwana mkubwa," akasema. "Kula. Ila tafuna polepole, mama mkwe wako asikusikie."

"Mama mkwe wangu? Yuko wapi?"

"Humo ndani. Kaja kumkanda mke wangu."

Hapo lazima niwaeleze, maana ninyi wa siku hizi mnakula na wakwe zenu sahani moja, hamna haya. Zamani mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Akikutana naye njiani, anaingia porini mpaka apite. Na kweli, mama mkwe wa Fisi alikuwa anakanda wazazi nchi nzima, hachagui wa nani.

Fisi akatega sikio. Kimya. Pimbi akafumba macho, maana kama mkewe hakuelewa, wamekwisha wote sita.

Mara ndani: "Kho! Kho! Kho! Nani huyo anahema mlangoni kwa mzazi?"

Ni mke wa Pimbi huyo, Mama Pimbi, kajitia sauti ya kizee! Fisi akaruka, akageuka upesi, uso kule, mkia huku.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo umekuja mikono mitupu? Mzazi hana hata jani moja humu, na mumewe umemkalia."

Aibu ikamshika Fisi. Akamwachia Pimbi, akaenda kuchuma majani. Fisi! Kuchuma majani! Na kwa kuwa mkandaji hukaa na mzazi siku arobaini, kila asubuhi ikawa hivyo hivyo. Anakuja kinyumenyume, chakacha, chakacha, asije akamwona mkwewe. Puu! anatua mzigo. "Shikamoo mama!" "Marahaba mwanangu, kho kho!" Fisi huyoo, anaondoka. Huku ndani Pimbi na mkewe wanacheka mpaka wanashika mbavu. Pimbi akanenepa, hata kutoka hatoki.

Siku ya kumi na mbili mke wa Fisi akamwuliza mumewe, "Hayo majani kila siku unampelekea nani?"

"Mama yako. Si yuko kwa Pimbi, anakanda mzazi."

"Mama yangu? Mama yuko kwetu, goti limemvimba, hajatoka nje tangu mvua za kwanza."

Fisi alikuwa na mfupa mdomoni, akauweka chini, akaenda kukaa peke yake.

Asubuhi Pimbi akachungulia, akamwona anakuja. Safari hii haji kinyumenyume. Anakuja uso mbele, meno nje. Chakacha. Chakacha. "Mke wangu," akasema Pimbi, "leo ndiyo basi." Mama Pimbi akawasukuma watoto nyuma kabisa ya pango. Akajikaza akakohoa, lakini kikohozi chenyewe kilitoka kidogo sana kwa hofu.

Fisi akainama, akaingiza kichwa mlangoni. Akamwona Pimbi. Akamwona Mama Pimbi, mkono bado mdomoni. Akaona watoto wanne. Kizee hakuna.

Puu! Akatua mzigo wa majani.

"Shikamoo mama," akasema.

Mama Pimbi akaitika, "Ma... marahaba, mwanangu."

Fisi akageuka, akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Na majani yenyewe sasa yakawa yale machanga ya juu, yasiyoumiza fizi za watoto.

Kwa nini? Ee, gombaneni! Mzee Lubinza wa hapo jirani anasema alikuwa anawanenepesha. Marehemu mume wangu alikuwa anasema ni aibu, maana Fisi alishawatangazia majirani wote kwamba anamtunza mkwewe. Kabula, nakuona unataka kupasuka, haya sema. Eti hakuwahi kuitwa "mwanangu" na mtu yeyote? Labda. Mimi huyu Fisi nimemsimulia maisha yangu yote, nampenda mjinga yule, na bado sijui.

Ninalolijua ni kwamba siku ya arobaini alitua mzigo wake, akaamkia, akaitikiwa. Kisha akasema, "Mama, arobaini imetimia, nakuaga. Kesho nikimkuta mtu hapa, nina njaa."

Siku ile ile Pimbi akahamisha watu wake juu kabisa ya jabali, ambako fisi hawezi kupanda. Watoto wote wanne walipanda kwa miguu yao.

Nimeitua hapo. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aipishe njia.

Funzo? Mnataka na funzo! Haya: msiseme uongo hata siku moja. Pimbi na mkewe walisema uongo, na mmeona yaliyowapata: chakula mlangoni siku arobaini, na watoto wanne wazima. Uongo haufai kabisa. Ninyi mkikamatwa na Fisi semeni kweli, na sisi tutawazika vizuri.