Mtoto Aliyelelewa Kibundi

Paukwa!

Pakawa!

Ah, hiyo pakawa ya mgonjwa. Mmemaliza mihogo yangu yote na bado hamna sauti? Paukwa!

Pakawa!

Sasa nawasikia. Sogeeni, ila msinizibie moto, maana uongo wangu ukipoa hauliki.

Hapo zamani za kale, zama ambazo mbuzi alikuwa akikuamkia asubuhi na usipomwitika anakusema kwa watu, palikuwa na kijiji kikiitwa Mitungini. Mimi sikuwapo, lakini masikio yangu yalitangulia kuzaliwa, ndiyo maana ni makubwa hivi. Hapo Mitungini alikaa msusi wa mikeka, jina lake Shaali, na mkewe Mwanamkasi, na mama yake Shaali, Bi Kirembo, mwanamke mwenye amri. Akikohoa Bi Kirembo, kuku wanapanga mstari.

Shaali na Mwanamkasi walikaa miaka hawajapata mtoto. Wakaomba, wakangoja, wakaomba tena. Hatimaye akaja wa kiume, mzima, mweusi kama tini, wakamwita Kombo. Basi furaha gani! Mkipata tone la mvua baada ya kiangazi, si mnakinga hata kwa kofia? Ndivyo walivyomkinga Kombo.

Bi Kirembo akaweka mila mbele. Mzazi na mwanawe wakae ndani mpaka arobaini. Chumba cha ndani kabisa. Dirisha likazibwa kwa jamvi, juu ya jamvi pazia, juu ya pazia kanga. Mchana kutwa humo mlikuwa na giza la chunguni. Nje, Bi Kirembo amesimama na ufagio: "Shh! Mtoto amelala!" Watwangaji wakatwanga kwa kunong'ona. Nasema kweli! Mchi ulikuwa unashuka kinuni na kuomba radhi.

Jioni je? Jioni ndugu wanarudi kutoka mashambani, na kila mmoja anataka kumwona Kombo. Vibatari vinawashwa, kahawa inamiminwa. Mjomba Ngwali anakuja na zumari lake. Mtoto akiguna tu, hata kama anaguna ndotoni, wanaruka watu watatu:

"Mlete huku!"

"Mlete huku!"

"Mlete huku!"

Anarushwa juu, anapulizwa tumbo, anapigiwa zumari, anapewa ziwa ana njaa hana njaa. Kombo anakodoa macho kama karani wa forodha. Wageni wanakwenda zao kulala wamefurahi. Mwanamkasi anabaki na Kombo, na kwa Kombo ndiyo kwanza kumekucha. Akinyonya, analia. Akibembelezwa, analia. Akiwekwa chini, ndiyo usiseme. Jogoo anapowika, mtoto huyooo, usingizi.

Mwanamkasi akaisha. Akatia mwiko kitandani na yeye akataka kulala jikoni. Siku moja alikutwa amemfunga kanga mwana-mbuzi, anamwimbia. Mbuzi mwenyewe alilala fofofo, na mpaka anakufa alikuwa akisimulia kwamba hajapata kulelewa vile na mama yake mzazi. Msicheke! Mwanamke yule alikuwa hana tena machozi. Alikuwa anamwangalia mwanawe aliyemngoja miaka yote, na moyoni anajiuliza, "Mbona nampenda na bado natamani kumkimbia?" Mama yeyote aliyekesha anajua neno hilo, hata kama hajalitamka.

Habari zikasambaa kwa majirani. Jogoo akaja dirishani. "Bibiye, nitamwimbia." Akawika. Hata waliokufa waligeuka upande. Chura akaja. "Bibiye, nitamwimbia kwa zamu, mimi na ukoo wangu." Ukoo wa chura! Mnaujua? Wakaimba mpaka Shaali akaenda kulala shambani kwa watu.

Wa tatu akaja Fisi. Alikuja kwa adabu, mkia chini, sauti ya asali.

"Hodi, mzazi."

"Karibu, Bwana Fisi."

"Pole na kukesha. Mimi usiku silali hata hivyo. Nipe mimi mtoto nikulelee. Hutamsikia tena akilia."

Mwanamkasi kichwa kimemwangukia kifuani. "Wewe... utamlea?"

"Mikononi mwangu hajalia mtoto mara mbili," akasema Fisi, na hapo hakusema uongo. "Lakini mimi ni mtu wa haki. Nitakuja mwezi ukiandama. Akilia njaa, njaa ni haki yake, hata mimi naijua. Akinyonya akanyamaza, sina neno. Ila akishashiba akaanza tena kulia, basi ananiita mimi, nami nitaingia nimchukue. Umekubali?"

"Sawa," akasema Mwanamkasi, na jicho moja limelala.

"Umekubali?"

"Sawa." La pili likalala.

"Umekubali?"

"Sawa."

Zama zile neno likitamkwa mara tatu halifutiki. Fisi akaondoka akijilamba, na kile kicheko chake kikamzindua Mwanamkasi. Akajipiga kifua. "Ole wangu! Nimefanya nini?"

Shaali alipoambiwa akakimbilia mkuki. Bi Kirembo akamshika. "Rudisha. Ahadi haichomwi mkuki."

Wakakaa hivyo, kila mtu amekumbatia magoti yake. Mwezi uliokuwapo ulikuwa umeshaanza kumegeka.

Sasa, kwenye paa la nyumba ile alikuwa anakaa Bundi na makinda yake. Bi Kirembo hakumpenda. "Uchuro ule ndio unaomliza mtoto," alisema, na kila magharibi aliamuru arushiwe kijinga cha moto. Jioni ile kazi ikamwangukia Mwanamkasi. Akafunua pembe ya jamvi, akanyanyua kijinga, mkono ukashindwa.

"Rusha basi," akasema Bundi. "Nimezoea."

"Sina nguvu."

"Naona. Macho yako yamekuwa kama yangu."

Mwanamkasi akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Akaweka kijinga chini. "Bi Bundi, wewe unakaa juu yetu, unatuona. Mwanangu ana nini?"

Bundi akazungusha kichwa chote, mbele nyuma, kama anayetafuta pa kuanzia. "Hana kitu. Mmemlea vizuri sana, ila mmemlea kibundi. Mimi wanangu mchana nawafunika, nawanyamazisha, wanalala. Usiku nawaamsha, nawalisha, nawachezesha. Nyinyi mmefanya nini? Mchana giza na minong'ono. Usiku taa, zumari na wajomba. Mtoto hakukosea. Usiku ndiyo asubuhi yake."

"Mama yangu! Nifanyeje?"

"Mwonyeshe mchana ni upi. Mwonyeshe usiku ni upi. Kisha ngoja ajue, hatajua mara moja. Na akiguna msimrukie! Makinda yangu yanaguna ndotoni kutwa. Ningeyaamsha kila yakiguna ningekuwa nimeshakufa. Sikiliza kwanza. Kilio cha njaa utakijua, na hicho usikicheleweshe hata kidogo. Tumbo la kichanga ni kikombe cha kahawa, halichukui kingi. Ataamka kunyonya, lazima aamke. Ila baina ya kunyonya na kunyonya, huyo ni mtu wa kulala, na wewe pia."

Kulipokucha Mwanamkasi akaenda kwa mama mkwe. "Mama, nataka kumtoa Kombo juani asubuhi."

"Kabla ya arobaini? Havuki mtu kizingiti!"

"Mama, Fisi anakuja."

"Havuki!" Na sauti ya Bi Kirembo, ile ya kupanga kuku mstari, ikakatika katikati. Akakaa chini. "Mwanangu, kabla ya Shaali nilizaa mwingine. Nilikuwa mbishi kama wewe. Nikatoka naye kabla ya siku zake, nikaenda naye kisimani. Akashikwa na homa. Hakurudi." Akafuta ufagio wake kana kwamba umelowa. "Nimesimama mlangoni toka siku ile."

Hata mimi msimuliaji, ninayesema usingizini, hapa huwa nanyamaza kidogo.

Mwanamkasi akamshika mkono. "Basi hatavuka, mama. Mila imesema mtoto asivuke kizingiti. Haikusema jua lisivuke dirisha."

Bi Kirembo akamtazama. Akatazama dirisha. Akalitazama tena, kama mtu aliyekaa nalo miaka na leo ndiyo wanajulishana. "Haikusema," akakubali polepole. "Mila ina maneno mengi, lakini hilo haikusema."

Akainuka mwenyewe akang'oa kanga, akang'oa pazia, akang'oa jamvi. Jua la asubuhi likaingia na viatu vyake. Kombo akakunja uso, akapiga chafya, akaanza kutazama vumbi likicheza. Bi Kirembo akapaza sauti nje: "Enyi watwangaji! Twangeni mpaka kinu kilie!" Mchi ukarudi kazini. Mbuzi wakaingia kusalimia. Kombo akalala mchana, ndiyo, mtoto mchanga lazima alale, lakini alilala katikati ya maisha ya watu.

Jioni Shaali akasimama mlangoni. "Ndugu zangu, mtoto anatazamwa mchana."

Mjomba Ngwali akatuna. "Yaani nimefukuzwa? Mimi niliyepuliza zumari kwenye harusi yako? Nikapuliza mpaka shavu likabaki nje?"

"Hujafukuzwa, mjomba. Njoo na jua, uondoke na jua."

"Zumari la mchana! Mtasema nimechanganyikiwa."

"Tulishasema zamani," akajibu mkewe Ngwali, akamvuta kanzu wakaondoka.

Ndani, Mwanamkasi akamkosha Kombo kwa maji ya uvuguvugu, akapunguza kibatari kikabaki kama jicho la paka. Akamnyonyesha, akampigapiga mgongo mpaka akapiga mbweu la mzee mzima. Akamlaza chali juu ya mkeka uliokazwa, bila mito wala nguo za kumlundikia usoni, angali na macho nusu. Akamwimbia, kila jioni wimbo uleule, sauti ileile:

Jua limekwenda kwao,
kuku wamekwenda kwao,
nenda nawe, Kombo wangu,
kwako ni usingizini.

Je, alilala? Thubutu! Alilia mpaka chura wakaomba apumzike. Kesho yake akalia zaidi, na Fisi kichakani akacheka. Shaali akasema, "Bundi ametudanganya." Mwanamkasi akasema, "Ngoja ajue." Mchana akafungua dirisha, jioni akapunguza taa. Kombo akaamka kunyonya usiku, akanyonyeshwa gizani, bila mazungumzo, bila zumari, akarudishwa mkekani. Mwezi ukamegeka, ukawa kipande cha tikiti, ukawa ukucha. Vilio navyo vikaanza kufupika, kidogo kidogo, kama kivuli jua linapopanda.

Mwezi ukaandama. Fisi akaja, akakaa chini ya dirisha, masikio juu.

Kombo akaamka na njaa, akalia. Fisi akasimama. Mwanamkasi akamchukua kabla sauti haijapanda, akampa ziwa. Gludu, gludu, gludu.

"Nimesikia!" akasema Fisi.

"Umesikia kumeza," akajibu Shaali.

Fisi akakaa. Kombo akashiba, akapiga mbweu, akalazwa. Kimya. Baada ya kitambo, mkekani: mm.

Fisi akanyanyua mguu wa kwanza.

Bi Kirembo akainuka kama mshale, mikono mbele, tayari kumnyakua mjukuu. Miaka yote ile mlangoni ilikuwa kwenye mikono ile. Mwanamkasi akaishika. "Mama. Sikiliza kwanza."

Mm, akaguna Kombo. Fisi akaweka mguu dirishani.

"Atalia!" akanong'ona Bi Kirembo, machozi yanamtoka. "Mwanangu, atamchukua!"

"Sikiliza, mama."

Mm, akaguna Kombo mara ya tatu. Akatupa mkono, akaupata ulipo, akaitia ngumi mdomoni, akafyonza. Akapumua pumzi ndefu. Akalala.

Mwanamkasi, kwa sauti ya chini kabisa, akaanza wimbo. Hakuwa anamwimbia Kombo sasa, alikuwa anamwimbia mama mkwe wake, aliyekuwa anatetemeka mikononi mwake. Jua limekwenda kwao, kuku wamekwenda kwao. Na Fisi, aliyekuwa hajawahi kuimbiwa na mtu tangu azaliwe, akajisemea, "Nitafumba jicho moja tu." Akafumba moja. La pili likaona wivu.

Asubuhi jua likamkuta dirishani, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha, anakoroma. Bundi akamdonoa pua. Watwangaji wakamwona, wakaja na michi. Mbio alizotoka nazo Fisi, miguu ya nyuma ilibaki chini, ya mbele ikawa juu, mkimtazama mgongo leo mtaona sisemi uongo. Na utamu ule wa usingizi wa asubuhi haukumtoka, ndiyo maana mpaka leo jua likichomoza anatafuta pango.

Kombo akaamka akataka ziwa. Mwanamkasi akamnyonyesha dirishani, uso wake umerudi kuwa uso. Kuku nje wakasubiri kupangwa mstari, hawakusikia kikohozi. Shaali akaenda kumtazama mama yake. Akamkuta amelala kwenye mkeka kando ya mtoto, ufagio umeanguka mlangoni, mdomo wazi kama binti mdogo. Toka alipompoteza yule wa kwanza hakuwa amelala hivyo.

"Nimwamshe?" akauliza.

"Sikiliza kwanza," akasema Mwanamkasi.

Wakasikiliza. Bi Kirembo akaguna, akageuka upande wa pili, akaendelea. Shaali akauokota ufagio, akatoka nje, akasimama yeye mlangoni.

Hadithi yangu imeishia hapo ilipochoka miguu. Aliye na kichanga nyumbani apunguze taa, mwenye zumari alale nalo, na mwenye mihogo iliyobaki anipe mimi.