Beberu wa Mzee Mrutu na Ukuta wa Nakiete

"Usimfukuze mbuzi kabla hujautazama ukuta." Ndivyo fundi cherehani alivyomwambia mwanafunzi wake Eliwaza leo asubuhi, alipotaka kulitupa gauni alilokosea kulikata. Sasa mmekuja wote kuniuliza mbuzi anahusianaje na gauni. Kaeni. Kiondo, sogeza hiyo ndoo, unanizibia upepo. Maneno hayo yalizaliwa hapahapa Kitongwe, kwenye ukuta wa baraza, na aliyeyaleta alikuwa na miguu minne na ndevu.

Mimi sikuwepo. Nilisimuliwa na mama yangu, naye alikuwepo, kwa hiyo anayetaka kubisha akabishane na marehemu.

Wakati huo nyumba zote za kijiji hiki zilikuwa za udongo, na kuta zake zilichorwa. Mchoraji alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Nakiete. Rangi nyekundu aliichimba kwenye kichuguu, nyeupe aliitoa ukingoni mwa kijito, nyeusi aliikwangua kwenye masizi ya vyungu, na ya manjano aliichemsha kutoka kwenye mizizi. Buluu hakuipata maisha yake yote, akabaki kumwonea wivu ndege mdiria pale mtoni.

Alikuwa mtu wa kutazama. Akitoka kuokota kuni na mzigo uko kichwani, akimwona kinyonga anahama kutoka jani bichi kwenda tawi kavu, husimama hapo mpaka kinyonga amalize safari, na mnajua kinyonga hana haraka. Maharage yaliungua nyumbani kwake mara nyingi. Siku moja aliwafuata kanga wa porini hadi vichakani, apate kujua kama madoa yao yamepangwa kwa mistari, akarudi nguo imechanika na uso umejaa furaha. Mumewe alizoea. Alijifunza kupika.

Brashi zake zilitokana na ndevu za beberu wa Mzee Mrutu, mwenyekiti wa kijiji. Nakiete humpa maganda ya ndizi, na beberu akiwa anatafuna, yeye hukata ndevu kidogo. Tangu hapo mnyama yule alimpenda, au aliyapenda maganda, na kila alipoenda Nakiete naye alikuwa nyuma.

Kulikuwa na mwiko mmoja ambao Nakiete aliupokea kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake: ukuta uliochorwa hauguswi. Mchoraji akishainua brashi mara ya mwisho, hakuna mkono unaoruhusiwa hapo. Mtoto akikutwa ameweka kidole, alichoteshwa maji siku nzima. Na udongo ule, kwa kuachwa hivyo, ulikuwa na udhaifu wake. Masika yakija picha zote huondoka na maji, na wanawake husema mvua imechukua haki yake. Kila mwaka Nakiete alianza upya, wala hakuna aliyelalamika.

Akaja kulalamika Mzee Mrutu. Alikuwa amekwenda mjini akaona ofisi iliyopakwa rangi ya mafuta, ya kijivu tupu toka juu mpaka chini, nayo ikamkaa moyoni. Tangu aliporudi, alikuwa na tabia ya kuudhi. Akifika kwa mtu hupiga hodi, huamkia, kisha, bila kujali mwiko, hupitisha kiganja ukutani na kukigeuza ili wote wauone wekundu uliobaki.

"Uzuri unaoondoka na kiganja changu si uzuri," husema, kisha hujipangusa.

Kijiji kilipomaliza kujenga baraza jipya la mikutano, alimwita Nakiete mbele ya wazee. "Binti yangu, nakupa ukuta wa mbele. Masika yakipita na picha zipo, nitanyamaza mpaka kufa. Zikiondoka, makopo ya rangi yatapaka baraza, na baada ya baraza yatapaka kila nyumba. Sitaki tena kuona udongo wa kichuguu ukutani kwa mtu."

Nakiete aliogopa sana. Alijua mvua ni mvua, nayo haijawahi kumwachia hata doa moja. Lakini kukataa kulikuwa sawa na kushindwa kabla ya kuanza, naye hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoipenda. Akasema ndiyo.

Alichora wiki mbili. Chini, karibu na kona, aliweka msururu wa kanga wakielekea mlangoni. Juu yao alimweka kinyonga kwenye tawi, ng'ombe wakishuka mtoni, na mdiria aliyepakwa nyeusi na nyeupe kwa kukosa buluu. Mama alisema watu walipita njia ya mbali ili mradi waone.

Tatizo lilikuwa beberu. Kila asubuhi, rangi ikiwa bado ina majimaji, alikuja kuegemea ukuta na kujikuna ubavu kuanzia konani mpaka mlangoni, taratibu, macho ameyafumba. Manyoya yake yalikuwa na mafuta na harufu mnayoijua. Nakiete alimfukuza kwa fimbo. Alimfukuza kwa kelele. Siku ya nne alimrushia bonge la udongo, likampata Mzee Mrutu aliyekuwa anapita, na siku hiyo hawakusalimiana. Hata maganda ya ndizi alimnyima. Beberu hakuona haya, akaendelea kuja, na kila asubuhi alipata nafasi ya kujisugua kabla fimbo haijafika.

Mwisho wa Februari, kabla hata ya masika, ilinyesha mvua moja ya mchana yenye upepo. Haikuchukua saa mbili. Nakiete alikuwa shambani, akaacha jembe na kukimbia. Alipofika, maji mekundu yalikuwa yanapita barabarani. Ng'ombe hawakuwepo, kinyonga hakuwepo, na mdiria alikuwa amebaki weupe kidogo unaotiririka. Alikaa kwenye tope, akalia bila kujificha.

Mzee Mrutu akaja na mwavuli wake. Hakupitisha kiganja, maana hapakuwa tena na pa kukipitisha. "Na masika hata hayajaanza," alisema. Hakuwa mkatili, alikuwa tu mtu aliyekwisha kuwa na hakika. "Makopo yamo ghalani kwangu. Jumatatu fundi atafika kutoka mjini."

Wakati huo beberu akatokea, akaegemea ukuta, akaanza kujikuna kama kawaida yake. Nakiete akasimama na fimbo. Aliinyanyua juu kabisa. Ndipo beberu akasogea hatua moja, na nyuma ya ubavu wake Nakiete akaona miguu.

Ilikuwa miguu ya kanga. Miili yao ilikuwa imeondoka, vichwa vimeondoka, ila kuanzia magotini kushuka walikuwa wamesimama vilevile, toka konani mpaka mlangoni, wekundu wao umekolea kuliko siku alipowapaka, na matone ya mvua yamekaa juu ya rangi bila kuingia ndani.

"Mfukuze huyo," Mzee Mrutu alisema. "Anakuchafulia hata palipobaki."

"Mzee, naomba umwache."

"Mbuzi wangu umemfukuza kwa fimbo wiki mbili nzima, leo unaniambia nimwache?"

"Leo ndiyo nimeutazama ukuta."

Kisha Nakiete akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Aliweka kiganja kwenye ukuta uliochorwa, akasugua, akakigeuza. Kilikuwa kisafi. Alikinusa, kikanuka mbuzi.

Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa shoga yake Nanzia, mfinyanzi, akamkuta na chungu mapajani.

"Nanzia, chungu unakisugua kwa kitu gani?"

"Kwa jiwe laini la mtoni na mafuta ya nyonyo, kabla hakijakauka. Hata mtoto anajua."

"Usipokisugua?"

"Kinakunywa maji. Una nini leo?"

"Na ukuta, mbona hatuusugui?"

"Ukuta hauguswi."

"Nani alisema?"

Vizazi na vizazi wanawake wa kijiji hiki walisugua vyungu upande huu wa ua, upande wa pili wakaacha kuta zioshwe na mvua, na hakuna aliyewahi kuvuka ua na jiwe mkononi. Nanzia aliweka chungu chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

Jioni hiyohiyo Nakiete alikwenda kwa Mzee Mrutu na mashahidi wawili. "Mzee, shikamoo. Ulisema masika yakipita. Masika hayajaja. Neno lako lilikuwa la masika."

Mzee Mrutu alikuwa na kiburi, lakini neno lake hakulirudisha. Fundi wa mjini akaambiwa asubiri.

Nakiete akachora upya. Safari hii kila alipomaliza mnyama, wanawake walikuwa nyuma yake na mawe ya mtoni, wakipaka mafuta ya nyonyo na kusugua, kusugua, mpaka mikono inakufa ganzi. Wazee wawili wa kike walikataa kukaribia, wakisema mwiko ukivunjwa utadai mtu. Mama yangu alisugua kinyonga peke yake kwa siku mbili, na mpaka anazeeka alikuwa akikionyesha kidole kilichopinda. Beberu aliachwa ajikune anavyotaka, na maganda yake akarudishiwa pamoja na yale aliyonyimwa.

Masika yakaingia. Mwaka huo yalikuja kwa hasira, yakavunja daraja, yakabomoa choo cha baraza. Kila mvua ikikatika watu walitoka kwenda kutazama ukuta, na kila mara ng'ombe walikuwa bado wanashuka mtoni. Nakiete alisema baadaye kwamba siku thelathini za kwanza hakuweza kula akashiba.

Jua lilipotulia, kijiji kizima kilikusanyika. Mzee Mrutu akapita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya kinyonga, akasugua. Akakitazama. Akatoa leso, akailowesha, akasugua tena kwa nguvu zake zote, mpaka kofia ikaanguka. Leso ilikuwa nyeupe. Akainyanyua juu ili wote waione, kama alivyokuwa akinyanyua kiganja chake, maana alikuwa mtu wa haki yule mzee.

"Nakiete," alisema, "mbuzi niliyemfuga mwenyewe amenishinda."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, mama alisema, vilisikika mpaka kijiji cha pili, watu wakaja kuuliza nani ameolewa. Nakiete alilia tena mbele ya ukuta uleule, na safari hii Mzee Mrutu ndiye aliyemshika mkono.

Makopo hayakupotea bure. Walipojenga upya choo cha baraza walikipaka kijivu, na mwaka uliofuata rangi ilianza kubanduka chini.

Mkipita pale barazani kesho, tazameni konani. Nakiete alimchora beberu hapo, mwenye madoadoa na ndevu zilizokatwa upande mmoja, na ubavu wake unang'aa kuliko kitu chochote ukutani, kwa sababu kila apitaye humsugua. Ndivyo mwiko ulivyogeuka ukawa desturi.

Kwa hiyo, Eliwaza, nenda ukalichukue hilo gauni. Litandaze juani, ulitazame vizuri pale ulipokosea. Huenda hakuna kitu. Lakini hujui bado, na fundi wako hakukosea kukwambia: usimfukuze mbuzi kabla hujautazama ukuta.